Uzi: Idi ya 2027 inaanza Novemba kwa sisi tunaouza nguo mtandaoni

MamaWaKanzu

Wakuu, habari za jioni. Nauza kanzu za watoto, madera na abaya, Instagram na WhatsApp. Duka sina, stoo ni chumba kimoja huku Tabata. Kila mwaka Ramadhani ikishaanza naona watu wanaomba mbinu za kuuza msimu wa Idi. Muda huo mbinu zimebaki mbili tu, kuuza ulichonacho na kuomba radhi. Nimeona niuanzishe huu uzi mapema, kila mwenye lake alete.

Anzeni na kalenda. Mwakani Mwaka Mpya wa Kichina ni Februari 6. Ramadhani inatarajiwa karibu na Februari 8, na Idi ni kati ya Machi 9 na 11, mwezi ndio utaamua. Miaka hii vitu viwili hivi vimefuatana hivyo kwa sababu miezi ya Wachina na ya Waislamu yote inaanza na mwezi mpya. Mwaka huu vilifuatana, mwakani vinafuatana, na 2028 pia, mwishoni mwa Januari. Maana yake kwa anayeagiza Guangzhou, China, ni kwamba viwanda vinafungwa pale pale mteja wako anapoanza kufikiria nguo za Idi.

Na havifungwi siku moja. Wafanyakazi wanaanza kurudi kwao wiki mbili kabla, na wengi hawaonekani kazini mpaka sikukuu yao ya taa ipite, siku ya kumi na tano. Mwakani hiyo ni Februari 20. Ukiagiza baada ya hapo kwa meli, mzigo utafika watu wameshakula pilau la Idi na kulisahau. Meli ni mwezi hadi mwezi na nusu, bado foleni ya bandari na kutoa mzigo. Ndege ni wiki moja hadi mbili, lakini unalipia kwa kilo, na kanzu za watoto ni pamba, zina uzito. Faida yote inaishia kwa wakala wa mizigo.

Mimi kiwanda nakilipa Novemba. Katikati ya Desemba mzigo uwe umeondoka China, wiki ya mwisho ya Januari uwe stoo. Mawakala nao mwezi wa 12 wanajaza makontena kwa fujo kwa sababu kila mtu anakimbilia kabla ya kufungwa, kwa hiyo anayefikisha mzigo ghalani kwao mapema ndiye anayepakiwa mapema.

Sasa la pili, ambalo wengi hawaliangalii: mshahara. Mwaka huu mshahara wa Februari uliwakuta watu kwenye kumi la kwanza la Ramadhani, wakanunua taratibu. Mwakani tarehe 25 Februari itakuwa Ramadhani ya 17 au 18 hivi. Mshahara wa Januari utakuwa umemezwa na ada na madaftari. Kwa hiyo pesa yote ya Idi itaingia mtaani kwa mkupuo, na oda zote zitakuja ndani ya siku kumi na kidogo. Mwenye kufungasha oda moja moja usiku kwa usiku hatoweza.

Ndiyo maana nasema jambo kubwa kuliko yote kwenye msimu ni kuwa na siku ya kufunga oda, na kuiheshimu. Mikoani nafunga Ramadhani ya 20. Dar nafunga ya 27. Baada ya hapo anayetaka aje mwenyewe Tabata. Karibuni.

KijanaWaKkoo

Mkuu uzi mzuri ila hapo kwenye kufunga oda sikubaliani. Usiku wa kuandama mwezi Kariakoo hapapitiki. Mtaa wa Congo watu wanauza mpaka alfajiri. Hela ya siku hiyo peke yake kuna mtu anaishi nayo miezi. Wewe unafunga ya 27 unaenda kulala?

MamaWaKanzu

@KijanaWaKkoo wewe una meza, mteja anashika nguo, analipa, anaondoka nayo. Hata mimi ningekuwa na meza Congo nisingelala. Wa mtandaoni kati yako na mteja kuna bodaboda, na usiku ule bodaboda anabeba abiria kwa bei anayotaka yeye, kifurushi chako cha Kigamboni hakitaki. Halafu mwezi ukiandama siku ya 29, yule uliyemwahidi "kesho utapata" kesho yake ni Idi. Nguo ya Idi ikifika Idi pili ni ya kurudishiwa hela, tena na maneno juu.

Na ngoja niseme kitu. Hiyo tarehe ya kufunga nikiibandika tangu Ramadhani ya kwanza, watu wanaiona kila siku kwenye status, oda zinakuja mapema. Anayejua mlango unafungwa hasubiri.

Bint_Sahil

Mimi niko Mombasa, nauza leso na mabuibui. Kwetu pia ni vivyo hivyo. Nyongeza yangu ni wakati wa mchana. Mwezi wa Ramadhani msijichoshe kuposti saa nne asubuhi. Watu wamelala au wako kazini na njaa yao. Posti yangu ya maana naitoa baada ya tarawehe, saa tatu usiku kwenda mbele, hapo mtu ameshiba, ameegemea mto, simu mkononi. Maswali yanamiminika mpaka saa sita. Kwa hivyo lazima uwe na mtu wa kujibu usiku, wewe mwenyewe huwezi kupika futari, kuswali na kujibu "bei gani" za watu wote hao.

Na waendeshaji boda waliofunga, ikifika saa kumi na moja jioni usiwatafute. Kila mtu anakimbilia kwake kufturu. Mizigo yangu yote hutoka kabla ya saa nane.

MamaWaKanzu

@Bint_Sahil umenena dada. Hiyo ya boda niliisahau na ndiyo inayoharibu sana.

Kwenye kujibu, mimi natumia WhatsApp ya biashara. Majibu ya haraka nimeyaandika kabisa mwezi wa Shaaban, ule unaotangulia Ramadhani: bei, vipimo, namna ya kulipa, nauli ya kila eneo, tarehe ya kufunga. Dada anayenisaidia anabonyeza tu. Lebo nazo ni muhimu: "amelipa", "bado", "imetoka", "imefika". Bila lebo, ukiwa na mazungumzo mia kwenye simu utamtumia mtu nguo mara mbili na mwingine utamsahau kabisa.

Mchumi_Bubu

Samahani wakuu, mnaongelea makontena sisi wengine mtaji ni laki tatu. Guangzhou naijua kwa kuisikia. Hapo Novemba nafanya nini?

KijanaWaKkoo

@Mchumi_Bubu kuwa winga. Unapiga picha dukani kwa mtu, unaongeza chako, mteja akilipa unaenda kuchukua. Mtaji ni bando na nauli ya kwenda Kariakoo.

MamaWaKanzu

Uwinga ni sawa, nimeanzia huko. Ila msimu una mtego wake. Siku za kawaida mwenye duka atakuwekea mzigo mpaka jioni kwa sababu anakujua. Kumi la mwisho hakujui hata kama mmesoma wote. Mwenye pesa mkononi ndiye anayeondoka nao. Na bei ya asubuhi siyo ya jioni. Utakuta umeshamwambia mteja 25,000, amelipa, unafika dukani jumla imepanda imefika 24,000.

Kwa laki tatu yako, mkuu, chagua bidhaa moja. Moja tu. Tuseme kanzu nyeupe za watoto. Nunua jumla Kariakoo mapema, Januari ile watu wote wako kwenye sare za shule na mabegi, wauza kanzu hawana kazi na wanakusikiliza. Hizo ndizo unazozishika mkononi. Vingine vyote uza kwa picha, lakini mteja alipe nusu kabla hujatoka nyumbani. Mtu anayekataa kulipa nusu wiki ya mwisho hakuwa mteja.

Halafu piga hesabu kwenye karatasi kabla ya kutangaza bei. Mfano dera umelinunua 12,000 jumla. Usafiri hadi nyumbani gawanya, weka 300. Mfuko 400. Tangazo la kulipia ukigawanya kwa oda, weka 1,000. Hapo ni 13,700. Unauza 18,000, unaona 4,300 yako. Kisha unaandika "deliveri bure Dar nzima" ili upate oda, boda wa Mbezi anakuomba 5,000. Umemlipa mteja 700 avae dera lako. Watu wanauza hivyo msimu mzima, simu hailali, Idi ikiisha wanajiuliza hela imekwenda wapi.

Mtu_wa_Mbezi

Hapo kwenye nusu malipo niongezee. Msimu ni wa matapeli pia. Meseji za muamala za kughushi zinazidi wakati una haraka. Inakuja imeandikwa vizuri kabisa, jina, kiasi, hadi kumbukumbu namba, lakini imetumwa kutoka namba ya mtu. Boda yuko mlangoni anapiga honi, unasoma haraka, unatoa mzigo. Sheria yetu nyumbani ni kwamba hakuna anayesoma meseji. Tunaangalia salio. Salio halijasogea, mzigo hausogei.

Na msitumie laini binafsi kupokea oda zote. Laini binafsi ina kikomo, siku ya mauzo makubwa inagoma kupokea, mteja anaona wewe ndiye tapeli. Chukueni lipa namba, ile ya biashara ya kupokelea malipo, mapema, ya mtandao zaidi ya mmoja, maana siku ambayo mmoja una hitilafu huwa ndiyo siku ya mshahara.

FundiCherehani

Mimi ni fundi, naomba niwaseme mafundi wenzangu na nyie wauzaji pia. Muuzaji mtandaoni anaposti picha ya abaya ya Dubai, anaandika "tunashona kwa vipimo vyako", halafu ananiletea vitambaa ishirini Ramadhani ya 22. Mimi nina mikono miwili na umeme nao una siku zake. Nikikataa ananiona nina maringo, nikikubali wote tunaaibika.

Fundi anayejua kazi daftari lake la Idi linafungwa katikati ya Ramadhani. Mnaoshonesha, njooni Shaaban. Lipeni nusu, leteni vipimo vyote vimeandikwa kwa sentimita siyo "mwili wa kawaida". Mwili wa kawaida sijawahi kukutana nao. Na kama mnataka kuweka akiba, nishonesheni zile za wazi, mabega mapana, za kuvaa mtu yeyote, kazi ya kumi la mwisho ibaki kupunguza urefu tu. Kukunja pindo naweza hata ya 28.

MamaWaKanzu

@FundiCherehani hiyo ya kukunja pindo ni dhahabu. Naichukua.

Mpemba_Muscat

Salaam. Niko Muscat, naletea ndugu zangu abaya Unguja na Dar. Wanaoagiza huku Ghuba wajue Ramadhani kazi zinapungua saa. Oman Muislamu anafanya kazi saa sita tu kwa siku, na maduka mengi yanafungua usiku. Wakala wa mizigo uliyezoea kumpata saa tatu asubuhi, Ramadhani humpati. Na Idi huku ofisi zinafungwa siku kadhaa. Mzigo wenu utoke huku kabla Ramadhani haijaanza, au msiuhesabie kabisa.

Jambo jingine, anayeuza bara na Zanzibar asitangaze bei moja. Boti ina gharama yake na mzigo unaweza kuulizwa ushuru ukivuka. Wateja wa Unguja ni wazuri sana kumi la mwisho ila wekeni nauli wazi tangu mwanzo.

Chalii_wa_Sakina

Oya wadau, mnaongea Idi tu, Krismasi je? Mimi niko Arusha nauza viatu na nguo za watoto, mizigo naipokea kutoka Dar. Krismasi shida ni mabasi. Kuanzia tarehe 18, 19 Desemba, ndugu zangu Wachaga wote wanarudi Moshi kuhesabiwa. Basi limejaa watu, buti limejaa mabegi, magunia na mafriji ya kupelekea mama. Kifurushi chako kinaachwa stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar, unaambiwa "kesho", kesho nayo ina abiria wake. Serikali inatoa vibali vya mabasi ya ziada lakini hayo mengine ofisi yake ya vifurushi huijui iko wapi.

Mimi wateja wangu wa Kilimanjaro na Arusha nawaambia mwisho tarehe 15. Na naandika kwenye kifurushi kwa kalamu nene, jina, namba mbili za simu, jina la basi na tarehe. Risiti napiga picha papo hapo namtumia mteja. Bila risiti ukipotea umepotea. Kuna ofisi moja ilinipoteza boksi la viatu Desemba, walichoniuliza ni risiti tu.

MamaWaKanzu

Krismasi nayo ina wenyewe humu, leteni. Mimi naitumia kama mazoezi. Nikiona Desemba dada yangu wa kujibu anachanganya oda, najua Ramadhani itakuwaje, natafuta mtu wa pili.

Dada_Daftari

Naomba niseme la namba za wateja. Wengi mna wafuasi elfu kadhaa Instagram mnafikiri mna wateja. Ule ukurasa siyo wako. Oktoba 29 mwaka jana intaneti ilipozimwa nchi nzima, siku kadhaa hakuna aliyeweza kuposti chochote. Waliokuwa na namba kwenye daftari walipiga simu mtandao wa kawaida pale hali ilipotulia, waliotegemea DM walikaa kimya. Hata bila hilo, akaunti zinaibiwa, na mwizi anapenda msimu kwa sababu anajua watu wanatuma pesa bila kuuliza. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili leo, siyo kesho. Na msimpe mtu yeyote zile tarakimu zinazotumwa kwa meseji, hata akisema ni mhudumu wa wapi.

Kingine, orodha ya matangazo ya WhatsApp mwisho ni watu 256, na inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila kifurushi kinachotoka kwangu kina kikaratasi: "Hifadhi namba hii upate bei za Idi kabla hazijatangazwa". Naanza na vikaratasi hivyo sasa hivi, kwenye oda za kawaida. Nikifika Shaaban nina orodha ya watu walioninunulia, ambao hawahitaji kushawishiwa kwamba nipo kweli.

Mchumi_Bubu

Matangazo ya kulipia mnaweka lini? Mimi nilidhani wiki ya mwisho ndiyo ya kumwaga hela.

Dada_Daftari

@Mchumi_Bubu wiki ya mwisho kila mtu anamwaga, bei ya kuonekana inapanda, na tangazo lenyewe kwanza linakaguliwa, linaweza kukaa hadi siku nzima kabla halijatoka. Likikataliwa ndiyo umeanza upya. Mimi naweka pesa kidogo mwishoni mwa Januari ili watu wanijue na wahifadhi namba. Kumi la mwisho sisponsi chochote. Walionijua wananitosha, na mikono haitoshi kuhudumia wageni.

KijanaWaKkoo

Haya nakubali yaishe 😄 Ila mimi kwenye meza yangu usiku wa mwezi nipo. @MamaWaKanzu ukibakiwa na kanzu niletee, tugawane.

MamaWaKanzu

@KijanaWaKkoo sasa hapo umeongea biashara. Nikifunga ya 27 kilichobaki nitakuletea mezani, unauza, unachukua chako. Tuongee PM mapema tukubaliane bei, tusije kukosana usiku ule.

Mchumi_Bubu

Swali la mwisho mama. Zikibaki kabisa kabisa? Laki tatu yangu italala.

MamaWaKanzu

Inategemea umenunua nini, ndiyo maana nilisema nyeupe. Kanzu nyeupe ya mtoto isiyo na mbwembwe ina Idi ya kuchinja, mwakani ni katikati ya Mei, ina Maulidi, ina madrasa mwaka mzima. Haiozi. Zile zenye nakshi za dhahabu na vikoti vya mtindo wa mwaka huu punguza bei siku hiyo hiyo ya Idi pili, rudisha hela hata kama ni kwa bei uliyonunulia, maana mwakani mtindo utakuwa mwingine na mtoto wa jirani ameshaivaa.

Vipimo usinunue sawasawa. Muuza jumla atakupa fungu lenye saizi zote, moja moja, ukikubali utabakiwa na za ncha zote mbili. Wangu wanaonunua sana ni wa miaka minne hadi tisa. Chini ya miaka miwili mama anavalisha chochote, na wakishafika kumi na mbili wanataka kwenda dukani wenyewe kuchagua. Mwambie muuzaji unataka katikati iwe nyingi, atalalamika, ongeza mia tano kwa kila moja kama atakaza. Bado ni nafuu.

Na urefu upime mwenyewe kwa futi kamba, saizi 28 ya kiwanda hiki siyo 28 ya kile. Andika sentimita kwenye picha. Nusu ya "je itamtosha mwanangu" itakuwa umeshaijibu.